Kwa nini simleti Baba huku

Tangu daktari aseme kuwa Baba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa mwili, ndugu zangu wananiuliza swali lile lile kila tukiongea: utamchukua lini? Kwao jambo hili halihitaji mjadala. Huku ughaibuni niliko kuna mabingwa wa mishipa ya fahamu, kuna mashine, hospitali hazilali. Mtoto aliye huko anangoja nini? Nimelala na swali hilo miezi mingi, na jibu langu limewaudhi baadhi yao. Simleti.

Kazi yangu huku ni kutunza wazee katika makao yao. Kwenye ghorofa ninayoshika zamu wapo wanne wenye Parkinson. Nawavalisha, nawapa vidonge, natembea nao ukumbini. Naujua ugonjwa huu kwa macho: uso unaobaki umetulia hata mtu akiwa na furaha, mkono mmoja usiopunga anapotembea, mwandiko unaozidi kuwa mdogo kadiri mstari unavyosonga. Pamoja na hayo yote, kwa baba yangu sikuuona. Sauti yake ilipofifia kwenye simu nililaumu mtandao. Aliposema hasikii harufu tena, na choo kinamsumbua, tulisema ni uzee. Dada yangu anayeishi naye alinisimulia kwamba usiku anarusha mateke na kupiga kelele ndotoni. Tukadhani ni mawazo. Dalili hizo huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Inaniuma, na nakuambia wewe uliye mbali na mzazi wako ili usikilize kuliko nilivyosikiliza mimi.

Watu wa nyumbani wanaamini huku kuna tiba waliyonyimwa wao. Hakuna. Parkinson haijapata tiba ya kuiondoa katika nchi yoyote. Hata kuitambua, daktari hutegemea zaidi macho na mikono yake: alimtazama Baba akitembea, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, akamkunja kiwiko na kuhisi kinavyokwama. Huku nao hufanya hivyo hivyo. Na dawa kuu ni ile ile, levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960. Ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayousaidia kuongoza mwendo wa mwili, kwa kuwa seli zinazotengeneza dopamini ndizo zinazokufa. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kidonge ninachompa mzee wangu wa chumba cha mwisho hakina tofauti na anachomeza Baba.

Tofauti ni saa. Kazini kwetu kila kidonge kina dakika yake, kwa sababu tumeona kinachotokea kikichelewa: mzee aliyekuwa anatembea vizuri anaganda mlangoni kana kwamba nyayo zimegandishwa sakafuni. Tunampa nusu saa hivi kabla ya chakula, maana protini hugombania njia na levodopa tumboni. Nyumbani Baba alikuwa anameza "kutwa mara tatu" kama dawa ya kikohozi, baada ya kula, mtu akikumbuka. Kisha akalazwa siku mbili kwa tatizo jingine. Vidonge vyake vikawekwa kabatini akapewa kwa ratiba ya wodi, na alipotapika akachomwa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, ambayo huziba kazi ya dopamini ile ile tunayoihangaikia. Alirudi nyumbani hawezi kujigeuza kitandani. Sasa dada hutembea na karatasi yenye saa za vidonge na majina ya dawa asizopaswa kupewa, haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ikiwa mojawapo. Karatasi hiyo imemsaidia Baba kuliko tiketi yoyote ya ndege ambayo ningemnunulia.

Mjomba mmoja alileta mbegu za upupu, akisema ameambiwa zina dawa. Ni kweli zina levodopa, lakini hakuna anayejua konzi moja ina kiasi gani, na Baba tayari anameza kiasi alichopimiwa. Tulizikataa kwa heshima.

Kuna wanaonitajia upasuaji wa kuweka nyaya ubongoni. Upo, husaidia baadhi ya wagonjwa, nao si wa mtu aliyeanza dawa juzi. Wakati wake ukifika tutaongea upya.

Nyumbani kuna watu, na hicho ndicho wazee wangu wanne wanachokosa. Akiganda mmoja wao, nahesabu naye "moja, mbili, moja, mbili" mpaka mguu unainuka. Zamu yangu ikiisha naondoka, na mlango wake unafungwa. Ningemleta Baba, angekuwa huyo. Angekaa chumbani peke yake huku mimi nikishika zamu mbili ili nilipie matunzo yake, kati ya watu wasiojua lugha yake, na sauti yake ndiyo hiyo inakwisha. Huzuni ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, inaanzia mle mle ubongoni. Siwezi kumwongezea ya upweke.

Ila upendo wa nyumbani nao una kosa lake. "Baba keti, nitakufanyia." Anafungwa vifungo, ananyolewa, analetewa maji mkononi. Kwa miezi mitatu akawa hanyanyuki bila kuvutwa. Mwili wenye Parkinson unahitaji kujongea kila siku. Acha achukue dakika kumi kuvaa shati, ni zake. Nilimwambia dada hayo kwa ukali, kama msimamizi. Alinyamaza, kisha akasema: "Wewe unahudumia wanne na zamu inaisha. Mimi nina mmoja na haiishi." Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile nimebadili ninachotuma na ninachosema. Pesa inanunua vidonge vya miezi miwili mbele, kwa sababu maduka huishiwa. Inamlipa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na msaidizi wa usiku ili dada alale. Maagizo yangu ya simu nimeyaacha. Ninachofanya ni kupiga simu saa ya kidonge cha jioni na kumwomba Baba anisomee gazeti kwa sauti kubwa, habari nzima, mpaka nisikie kila neno.

Likizo yangu ijayo nimeiomba ya wiki tatu. Siku nitakayofika, dada atanikabidhi ile karatasi na ataondoka kwenda kupumzika popote anapotaka.