Akaunti Ipi Imesakinisha? Swali Linalotangulia "Endesha kama Msimamizi"

Mfanyakazi mwenzangu wa idara ya uhasibu aliniita nimsakinishie programu ndogo ya kusoma hati zilizopigwa skani. Kompyuta yake ilikuwa imepangwa inavyostahili: yeye anatumia akaunti ya kawaida, nami ninayo akaunti ya msimamizi ambayo siitumii ila kwa kazi za aina hii. Nikabofya kisakinishi, Windows ikadai nenosiri la msimamizi, nikaliandika, na baada ya muda mfupi ukatokea ujumbe kwamba usakinishaji umekamilika. Nikamwambia, "Haya, dada, ifungue." Hakukuwa na cha kufungua. Kwenye eneo-kazi lake hapakuwa na alama yoyote, menyu haikuijua programu hiyo, na nilipoendesha kisakinishi mara ya pili kikanijibu kwamba programu tayari ipo.

Nilipoteza karibu saa nzima nikishuku antivairasi, kisha diski, na ninaona haya kukiri kwamba nilimshuku hata yeye kuwa ameifuta bila kujua. Hatimaye nilimwomba aniachie kiti, nikaingia katika kompyuta ile ile kwa akaunti yangu ya msimamizi, na alama ya programu ilikuwa imekaa kwenye skrini. Kwa upande wake kisakinishi hakikuwa kimekosea chochote. Kilifanya kazi kwa jina langu, kwa hiyo kikaweka faili zake ndani ya AppData, folda ya data za programu iliyo katika wasifu wangu (yaani folda binafsi ya akaunti yangu), na kuandika vigezo vyake katika sehemu yangu ya rejista, ghala la mipangilio la Windows, mahali ambapo mwenzangu hawezi hata kuchungulia.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba ushauri wa "endesha kama msimamizi", unaotolewa upesi kila kisakinishi kinapogoma, ungefaa uwe miongoni mwa majibu ya mwisho. Ushauri huo unachukulia kwamba kilichopungua ni mamlaka, ilhali mara nyingi linalohitaji kujulikana ni nani anayesakinisha na nani atakayetumia. Mtu ambaye akaunti yake yenyewe ni ya msimamizi hubaki yeye yule anapokubali dirisha la uthibitisho, ila sasa ana mamlaka kamili. Mtumiaji wa kawaida hana bahati hiyo: nenosiri linaloandikwa ni la mtu mwingine, na tangu hapo kila kitu kinachoitwa "cha mtumiaji", kuanzia folda ya muda hadi mipangilio, ni cha yule mwenye nenosiri.

Mazoea haya yana chimbuko lake. Katika Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, akaunti zilizoundwa wakati wa kuweka mfumo kwenye kompyuta ya nyumbani zilikuwa za wasimamizi, na watengenezaji wa programu wakazoea kuandika popote walipotaka. Wakati huo kanuni ya kumpa kila mtu na kila programu ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake haikuwa ngeni. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikuwa wameieleza waziwazi mwaka 1975. Windows Vista, iliyowafikia watumiaji wa nyumbani mnamo Januari 2007, ndiyo iliyowapokonya wasimamizi mamlaka yao ya kudumu na kuanza kuwauliza kwanza. Watu walilalamikia madirisha yale, nami nilikuwa mmoja wao. Leo naona kwamba madirisha yalikuwa yakitufunulia ni programu ngapi zilizoandikwa kwa uzembe.

Ili programu hizo zisife zote kwa siku moja, Vista ilikuja na ujanja ambao hadi sasa unawachanganya mafundi. Programu ya zamani inapojaribu kuandika ndani ya Program Files, folda kuu ya programu za kompyuta nzima, bila ruhusa, mfumo haiikatalii bali huielekeza kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore katika wasifu wa mtumiaji. Programu inaamini imeandika palepale ilipotaka. Ukiiendesha siku nyingine kama msimamizi, inasoma faili halisi iliyoko Program Files, na mtumiaji anapiga kelele kwamba mipangilio yake yote imepotea. Haijapotea, iko katika nakala nyingine, na fundi asiyejua habari hii ataisakinisha programu upya mara tatu bila kupata nafuu yoyote.

Visakinishi vya aina ya MSI, yaani faili zenye jina linaloishia na .msi, vina mhusika wa tatu ambaye wengi humsahau. Sehemu kubwa ya kazi yao hufanywa na huduma ya Windows Installer, ambayo huendeshwa kwa akaunti ya mfumo iitwayo SYSTEM. Ndiyo maana msimamizi mwenye kila ruhusa anaweza kukutana na kosa namba 1603, linalosema tu kwamba usakinishaji umeshindikana, na kubaki ameduwaa: yeye anaruhusiwa kuandika katika folda lengwa, lakini mtu fulani zamani aliiondoa SYSTEM kwenye orodha ya ruhusa za folda hiyo, au folda imesimbwa kwa ufunguo wa mtumiaji mmoja. Kubofya "endesha kama msimamizi" mara mia hakutabadilisha kitu, kwa kuwa anayekataliwa mlangoni si yeye.

Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu waache kupiga ramli. Amri ya msiexec, inayoendesha visakinishi vya MSI, ikiongezewa kigezo cha /l*v na jina la faili huandika kumbukumbu ya kila hatua. Faili hiyo huwa ndefu kiasi cha kukatisha tamaa, lakini huna haja ya kuisoma yote: tafuta maneno "Return value 3", kisha panda mistari michache juu yake, na aghalabu utakuta hatua iliyoshindikana pamoja na jina la folda au ufunguo wa rejista uliokataa. Kama kisakinishi si cha MSI na hakiandiki kumbukumbu yoyote, zana ya Process Monitor, iliyo katika mkusanyiko wa Sysinternals wa Microsoft, itakuonyesha kila faili iliyoguswa, akaunti iliyoigusa na jibu ililopewa. Chuja majibu ya ACCESS DENIED (ruhusa imekataliwa) tu, na orodha ya maelfu itapungua ikawa ya kusomeka. Nakiri kwamba si kila kukataliwa humo ni kosa, kwa kuwa programu nyingi hubisha hodi kwenye milango zisiyoihitaji, lakini angalau unabishana na ushahidi.

Kipimo kingine ninachokipenda kwa urahisi wake ni kuunda akaunti mpya ya kawaida na kujaribu humo. Programu ikikubali katika akaunti mpya, basi ruhusa hazina hatia na ubovu umo ndani ya wasifu wa zamani. Ikigoma humo lakini ikakubali katika akaunti mpya ya msimamizi, ndipo una haki ya kuzungumzia ruhusa.

Kuhusu herufi ya diski ya mtandao inayotoweka punde mtu anapopandisha mamlaka, nitasema kwa ufupi: diski hizo huunganishwa kwa kikao cha kuingia, na programu iliyopandishwa iko katika kikao kingine, kwa hiyo nakili kisakinishi kwenye diski ya ndani kwanza. Wanaotumia Linux nao wasicheke. Anayezoea kutanguliza sudo, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi, mbele ya kila amri ya npm, zana ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, atajikuta ana faili zinazomilikiwa na root, akaunti ya msimamizi mkuu, ndani ya folda yake mwenyewe, na siku atakayosahau sudo atapata kosa la EACCES, yaani la kunyimwa ruhusa, nyumbani kwake.

Kuna ofisi ambazo, baada ya kuchoshwa na haya yote, humfanya kila mtu kuwa msimamizi wa kompyuta yake. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Malalamiko yanakoma, na pamoja nayo unakoma uwezo wa kujua ni programu ipi inayodai kuandika isipopaswa, huku kila kiambatisho kibovu kinachofunguliwa kikipata nafasi ya kuitawala kompyuta nzima. Hata ile nafuu ya katikati, ya kumpa mtumiaji ruhusa ya kuandika kwenye folda ya programu ndani ya Program Files, ina hatari yake, kwa sababu anayeweza kuandika humo anaweza kuibadilisha programu ambayo kesho msimamizi ataiendesha. Kama programu inakubali, hamishia data yake kwenye folda yake ndani ya ProgramData, folda ya data za programu zinazotumiwa na watumiaji wote, na utoe ruhusa huko tu.

Ile programu ya hati niliirudia siku iliyofuata, safari hii nikiwa nimekaa na mwenzangu katika akaunti yake. Niliiondoa kwanza kutoka kwangu, kisha nikajiuliza kwa nini programu inayojisakinisha ndani ya wasifu wa mtumiaji ilidai nenosiri la msimamizi. Kumbe haikudai. Ilikuwa programu ya biti 32 isiyotamka popote kiwango cha mamlaka inachohitaji, na Windows, ikikutana na faili ya namna hiyo yenye neno setup, install au update katika jina lake, hukisia kwamba ni kisakinishi na kuomba mamlaka kwa niaba yake. Nikabadilisha jina la faili kuwa "hati.exe". Mwenzangu akaibofya mwenyewe, hapakutokea dirisha la nenosiri, na alama ikakaa kwenye eneo-kazi lake. Akaniuliza kama kazi yote ya jana ilikuwa ni hiyo.