Programu Kumi za Mwanafunzi na Jaribio Lililohama Usiku

Wiki iliyopita kijana mmoja nadhifu aliingia dukani kwangu hapa Isevya, mjini Tabora, akaomba nimtolee kopi 200 za karatasi yenye kichwa kilichoandikwa kwa herufi nene: "Programu Kumi za Simu Zitakazokusaidia Kusawazisha Maisha ya Chuo". Zilikuwa za kugawiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mashine yangu imekula chumvi nyingi na haina haraka, na mtu anayesimama mbele yake hana budi kusoma kinachotoka, kwa hiyo nadhani niliisoma karatasi ile mara nyingi kuliko hata aliyeiandika.

Siku hiyo hiyo alasiri akaja binti mmoja wa mwaka wa pili, mteja wangu wa kila siku, akaniamkia, kisha akaketi kwenye benchi bila kuagiza chochote. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu: "Mama, wamefanya testi asubuhi. Nimefika saa nne kama ratiba inavyosema, nikawakuta wanatoka."

Ilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa tatu na nusu, ujumbe ulitumwa katika kundi la WhatsApp la darasa kwamba jaribio limewahishwa, litaanza saa moja na nusu asubuhi. Bando la binti lilikuwa limekwisha tangu magharibi. Ujumbe ule ulimfikia akiwa pale pale kwenye benchi langu, alipopata vocha ya kujiunga, jaribio likiwa limekwisha zamani. Ujumbe wa WhatsApp usiopokelewa husubiri hadi siku 30 kabla ya kufutwa. Mhadhiri hakuwa na subira ya namna hiyo.

Sasa rudi kwenye ile karatasi ya programu kumi. Nne kati ya hizo zilikuwa za kupanga ratiba, na maelezo yake yalidokeza kwamba mwanafunzi anayeshindwa ni yule asiyejua kujipanga. Binti huyu alikuwa amejipanga. Nilimwomba anionyeshe simu yake, na kwenye kalenda jaribio lilikuwepo, saa nne kamili, lenye rangi nyekundu, na kengele ilikuwa imelia saa moja kabla. Programu yake ilifanya kazi bila kasoro yoyote. Kilichoharibika ni kwamba ratiba ya kweli haikuwa tena kwenye kalenda, wala kwenye ubao wa matangazo, wala kwenye karatasi waliyogawiwa mwanzoni mwa muhula. Ilikuwa imehamia katikati ya mazungumzo ya watu zaidi ya mia moja, baada ya picha za sherehe ya kuzaliwa na kabla ya mabishano ya Simba na Yanga.

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu. Tunawaambia watoto hawa wazime simu mapema, walale usingizi wa muda wa saa nane, wasiamke na kioo mkononi, halafu tunawaadhibu wale wanaotutii. Mwanafunzi anayeiwasha ile hali ya Usinisumbue saa tatu usiku ndiye atakayekosa jaribio. Anayelala na simu chini ya mto, anayeshtuka kwa kila mlio na kusoma utani wa watu 50 ili asipitwe na sentensi moja ya maana, huyo ndiye atakayekuwa ukumbini saa moja na nusu. Kisha tunatafuta mtaalamu aje awafundishe usawa wa maisha, naye anakuja na programu ya kuwapunguzia muda wa kutumia simu! Mimi ni muuza kopi tu, lakini hata mimi naona kwamba huwezi kumtibu mtu kiu huku umeziba kisima.

Wala siilaumu WhatsApp yenyewe, maana nami napokea kazi za wateja humo na bila hiyo duka hili lingekuwa limefungwa. Tena nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mhadhiri mwenye madarasa manne hawezi kumpigia simu kila mwanafunzi. Lakini programu hiyo hiyo ina kitufe kinachowaruhusu wasimamizi wa kundi pekee kuandika, na inatosha kufungua kundi la pili la matangazo matupu ambalo mtu hulisoma kwa dakika moja jioni na kuendelea na maisha yake. Na kwa jambo zito kama kusogeza jaribio, upo ujumbe mfupi wa kawaida, ule uliotumwa kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1992, ambao unaingia hata kwenye kitochi, hauhitaji bando, na mpokeaji halipi hata senti. Mwakilishi wa darasa anazo namba zote, na vifurushi vya ujumbe wa kawaida ni vya bei ya chini. Sijaona sababu ya kuuacha isipokuwa kwamba umezeeka, na sisi tumeamua kwamba kilichozeeka hakifai kuandikwa kwenye karatasi za semina.

Nyingine katika karatasi ile ni za kupita haraka. Ilikuwepo programu ya kusoma kwa vipindi vya dakika 25 na mapumziko ya dakika 5, mtindo ambao Mwitaliano Francesco Cirillo aliubuni mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi, kwa kutumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mtindo wenyewe ni mzuri na nimewaona vijana wakiutumia hapa dukani wakati wanasubiri chaji. Ila saa iliyomo kwenye kila simu inahesabu dakika 25 vizuri kabisa, bure, bila kukatiza hesabu ili ikuonyeshe tangazo la michezo ya kubahatisha. Ilikuwepo pia Forest, ambayo inakupandia mti kwenye kioo, na ukiiacha kabla ya muda uliopanga mti unakauka. Nilicheka peke yangu. Mji huu una miembe ambayo imewapa kivuli watu wengi kwa muda mrefu, na mwanafunzi akiketi chini ya mmoja wapo na daftari, akiwa ameiacha simu chumbani, hakuna mti utakaokauka.

Ya fedha ndiyo iliyonishinda kabisa. Inakuomba uandike mshahara wako wa mwezi, halafu inaugawa kwa asilimia. Baba yake binti huyu analima tumbaku Urambo. Fedha zinaonekana msimu wa masoko ukifika na malipo yakitoka, na kabla ya hapo kuna kuomba, kukopa na kuahidi. Mwenzake anasubiri bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, nalo huja kwa awamu na lina tabia ya kuchelewa. Hawa hawana mwezi. Wana siku ya neema moja na wiki nyingi za kubana, na kinachowafaa ni kuhamishia sehemu ya fedha kwenye akiba ya simu siku ile ile inapoingia, kabla marafiki hawajajua, kisha waandike kila kinachotoka kwenye daftari la kawaida la simu. Nimemwona kijana mmoja akifanya hivyo kwa mwaka mzima, na hakuwahi kukopa kopi kwangu.

Kama mimi ndiye ningeiandika karatasi ile, ningeuliza swali moja kwa kila programu: bando likiisha na nafasi ya simu ikiwa imejaa, bado itanisaidia? Kalenda na saa zingepita. Google Keep ingepita, kwa sababu ulichoandika kinabaki kwenye simu hata mtandao ukikatika. AnkiDroid ingepita kwa heshima, maana haiuzwi, inakuletea maswali uliyoyaandika mwenyewe siku ile unapokaribia kuyasahau, na haina haja ya mtandao. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliwahi kunishikisha simu nimuulize majina ya mifupa wakati umeme umekatika, akayataja yote. Programu za kuhamisha mafaili kati ya simu na simu bila bando zingepita pia, na hapa naongea kwa hasara yangu, kwa kuwa zimenipunguzia wateja wa flashi.

Yule kijana nadhifu alirudi juzi kutaka kopi 100 zaidi. Nilimwambia kwamba nyuma ya karatasi ni peupe, na kwamba niko tayari kuchapa upande huo bila malipo mistari miwili tu inayowaomba wahadhiri wasibadilishe siku wala saa ya jaribio kwa kundi la WhatsApp peke yake. Aliisoma mistari yangu, akatabasamu, akasema ni lazima kwanza awaulize waliomtuma. Alilipa, akaondoka na karatasi zake zikiwa nyeupe nyuma.

Binti naye ameandika barua ya kuomba kurudia jaribio. Niliichapa mwenyewe, ukurasa mmoja, na sikumtoza. Aliipeleka ofisini Jumatatu, akaambiwa asihangaike kufuatilia, jibu litatumwa kwenye kundi.