Mita moja na nusu ya lami

Kila alfajiri barabara zinazoingia Lubumbashi hujaa watu wa makala, yaani mkaa. Kinga moja, magunia matatu au manne yamefungwa nyuma, na mtu mmoja anasukuma kichwa kimeinama. Kwetu baiskeli ni kinga, neno tunaloshirikiana na Wabemba, ambao husema incinga, na hapa nitaliandika hivyo hivyo. Wengi wa watu hawa wametoka usiku, wametembea makumi ya kilomita, ili asubuhi mji upate moto wa kupikia bukari, ugali wetu. Lori likipiga honi, wao ndio wanaoshuka kwenye vumbi.

Nimepishana nao tangu utoto bila kuwawazia sana. Likizo kubwa ya mwaka huu, mimi na rafiki yangu tulitoka na kinga zetu mpaka Dar es Salaam kupitia Zambia, karibu kilomita 2,000 kwa siku 33. Nimerudi na neno moja ambalo siwezi kulinyamazia. Barabara hii ambayo shaba yetu inapitia kila siku ina deni kwa mtu wa kinga, na deni lenyewe ni mita moja na nusu ya lami, kila upande.

Rafiki yangu ni mwalimu wa shule ya msingi pale Katuba. Pesa zote za masomo yake zilitoka kwenye kinga ya papa wake, yaani baba yake, aliyesukuma makala zaidi ya miaka 20. Jioni ya kuamkia safari tulikwenda kumuaga yule mzee. Tulikuwa tumefunga mizigo juu juu, kama tulivyoona kwenye picha za intaneti. Mzee hakutuuliza chochote. Alifungua kila kitu, akashusha sufuria na madumu ya maji mpaka chini, ubavuni mwa gurudumu la nyuma, akakaza kwa kanda alizokata kutoka mpira wa ndani uliochakaa. Kisha akaishika kinga kwenye kiti kwa vidole viwili, akaitikisa. Haikuyumba.

"Muzigo ukae chini, mwanangu," alimwambia mwanawe. "Ukikaa juu, utakutawala."

Kabla hatujaondoka alitumbukiza ndani ya mfuko wangu kipande cha tairi kuukuu, ukubwa wa kiganja. Sikujua ni cha nini. Nikasema, "Asante, Papa," nikakiacha humo.

Kasumbalesa, mpakani na Zambia, malori yalikuwa yamepanga mstari wa kilomita kadhaa, tukayapita yote pembeni. Kwenye mpaka mmoja, sitasema upi, ofisa alitushikilia saa tatu nzima akitafuta fomu ya kinga. Haikuwepo. Kulikuwa na fomu ya lori, ya gari dogo, ya pikipiki, hata ya trela lisilo na kichwa. Alikuwa mtu mpole, alituomba radhi. Lakini nilikaa kwenye benchi lile nikifikiri: watu wangapi huvuka hapa kila siku na magurudumu mawili, na kwenye karatasi za serikali hawapo?

Kongo tunaendesha kulia, Zambia na Tanzania kushoto. Siku mbili za mwanzo nilikuwa najisemea kwa sauti, kushoto, kushoto, kama mtoto anayekariri.

Kabla ya Ndola tuliacha lami tukaenda kuona mahali ndege ya Dag Hammarskjöld ilipoanguka usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa anakwenda kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga yetu iliyokuwa imejitenga na Kongo, ili vita visimame. Watu 16 walikuwa ndani, na wote walikufa. Pale pana miti na ukimya. Mtoto wa Lubumbashi anaisikia habari ile tangu udogoni, lakini kwa gari unapita Ndola ukiwa na haraka ya kufika Lusaka. Sisi hatukuwa na haraka ya kwenda popote.

Kapiri Mposhi ndipo reli ya TAZARA inapoanzia, kilomita 1,860 mpaka Dar, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kuanzia hapo reli na barabara zinakwenda kama ndugu waliogombana, zinakaribiana, zinaachana, zinakaribiana tena.

Mbele kidogo ya Serenje gurudumu langu la nyuma lilitoa mlio mmoja mkali. Malori yakipasua tairi huacha nyaya nyembamba za chuma juu ya lami, nyembamba kama unywele, na waya mmoja ulikuwa umechana tairi langu mpasuko wa urefu wa kidole. Mpira wa ndani tuliuziba kwa kiraka. Lakini tukijaza upepo, ulitokeza kwenye mpasuko kama ulimi. Tulijaza mara mbili, ukapasuka mara mbili. Mwenzangu akanyamaza, akafungua mfuko wangu, akatoa kile kipande cha tairi cha papa wake. Alikipunguza kingo kwa kisu mpaka zikawa laini, akakilaza ndani ya tairi juu ya jeraha, mpira ukakaa juu yake, akajaza upepo polepole huku akipapasa kwa kidole gumba. Kikashika. Kiko humo mpaka leo, maana tairi sijabadilisha.

Sijapata kuheshimu elimu ya mtu kama nilivyoiheshimu siku ile.

Kitu kingine kilichonigusa ni chakula. Nimekua nikiamini kikanda ni chetu, kile cheusi-chekundu kinachokatwa vipande sokoni Kenya, mtaa wa Lubumbashi, cha mizizi na karanga na pilipili. Huko Mkushi mama mmoja alituuzia hicho hicho, akakiita chikanda. Tulipovuka Tunduma na kupita Mbeya, milima ya Kipengere ikiwa mkono wa kulia, ndipo nilipoelewa. Mizizi mingi inayoliwa Zambia huchimbwa huku, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Ni mizizi ya maua ya okidi, na biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za uwanda wa Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, maana maua yalikuwa yanakwisha. Mate yalinikauka. Kitu nilichokula tangu utoto, nilikuwa nimekifuata kwa miguu yangu mpaka karibu na shina lake, nchi tatu.

Lugha nayo ilitubeba. Kibemba mpaka karibu na Nakonde, kisha Kiswahili mpaka baharini. Hatukukosa mtu wa kutuelewa hata siku moja.

Sasa nirudi kwenye lami. Kati ya Mpika na Isoka tulikuta mahali barabara ilikuwa nyembamba, na ukingo wake umeliwa na mvua na magurudumu mpaka umebaki kama ngazi, kimo cha kiganja. Lori likija mbele na jingine nyuma, mtu wa kinga hana pake. Mwenzangu alishuka ngazi ile kwa ghafla, gurudumu la mbele likakwama, akaanguka juu ya mkono wake. Lori lililotusukuma halikusimama. Lililofuata lilisimama. Dereva alikuwa Mtanzania, akashuka mbio na dumu la maji. "Poleni, ndugu zangu, poleni sana." Alimfunga mkono kwa kitambaa chake mwenyewe, akatupakia sisi na kinga zetu mpaka kwenye zahanati. Kwa hiyo mtu asinisomee kwamba nawachukia madereva. Dereva naye amewekwa kwenye lami ambayo haikumfikiria mwenye kinga, na akikosea kwa nusu mita anaua.

Mkono haukuvunjika. Tulipumzika siku tatu.

Upande wa Iringa tulikutana na vipande virefu vyenye ukingo wa lami nje ya mstari mweupe. Ni upana wa mtu na mzigo wake tu, lakini mabega yangu yalishuka. Kwa mara ya kwanza tangu Lubumbashi tuliendesha tukiongea. Upepo wa kiangazi unaotoka kusini-mashariki ulikuwa unatupiga usoni, Kitonga tuliteremka breki zikinuka, na mbuga ya Mikumi tuliivuka ndani ya basi kwa sababu ya wanyama. Hayo yote ni uchovu tu. Hofu ilikuwa imebaki nyuma. Tulipofika Kariakoo tulisukuma kinga zetu kwenye Mtaa wa Kongo, tukanywa soda mbili mbili bila kusema kitu.

Kuna wanaoniambia: ukimtengenezea njia mtu wa makala, unasaidia kumaliza miti. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito, maana miombo inayouzunguka mji wetu inarudi nyuma mwaka hadi mwaka. Lakini tuulizane kwa nini tunapika kwa makala. Mwaka 1982 waya wa umeme wa kilomita 1,700 ulifika Kolwezi kutoka bwawa la Inga, kwa ajili ya migodi. Mpaka leo mtaani kwangu mbabula ya makala ndiyo jiko. Umeme ukitufikia kwa uhakika, makala yatapungua yenyewe, na kinga itaendelea kubeba mahindi, maji, mtoto wa shule, mgonjwa. Kumsukuma mtu shimoni hakuokoi mti hata mmoja.

Barabara ya Kasumbalesa ina peaji, kituo cha kulipia barabara. Malori yanalipa, kila siku, mchana na usiku. Ninaomba pesa hizo zitakapotengeneza lami tena, kabla ya kitu kingine chochote, ziongeze mita moja na nusu nje ya mstari, na ukingo uteremke taratibu badala ya kukatika. Najua wakubwa watauliza kinga ngapi zinapita. Hakuna fomu iliyowahi kuzihesabu.

Basi tutazihesabu sisi. Jumamosi hii mimi na Mwalimu tutakuwa kando ya barabara hiyo, kabla ya peaji, kuanzia saa tisa usiku mpaka saa tatu asubuhi. Papa wake amesema anakuja na kiti chake. Kama uko Lubumbashi, njoo na kalamu, daftari na koti zito.