Anayemlisha Muasi Ndiye Aitwe Mezani

Mwanza imeshapigwa mabomu kutoka angani, na si mara moja. Vijana wengi wa Nyegezi na Igoma hawalijui hili, wala siwalaumu, maana halisimuliwi sana. Septemba 1972 ndege za Idi Amin zilipiga Bukoba na Mwanza. Machi 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, Libya ilituma ndege yake ya Tupolev kuja kulipua matangi ya mafuta ya mji huu. Ikakosa shabaha. Makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala na ndege wa hifadhini.

Ya 1979 ni rahisi kuyaeleza: Gaddafi alikuwa anamwokoa rafiki yake. Ya 1972 yanatudai ukweli zaidi. Siku chache kabla ya mabomu yale, wapiganaji zaidi ya elfu moja wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka mpaka kutoka kwetu kwenda kumng'oa Amin. Walikaa kwetu, wakajipanga kwetu, na serikali yetu ilijua. Walishindwa vibaya, na kisasi kikatufikia huku ziwani. Sisemi Amin alistahili kuonewa huruma, alikuwa muuaji. Nasema kwamba sisi wa kando ya ziwa hili hatuna haja ya kuhadithiwa jinsi uasi unavyofanya kazi, hata huu wa leo wa mashariki mwa Kongo. Muasi hadondoki kutoka mbinguni. Yuko anayempa kambi, yuko anayempa risasi, na yuko anayenunua alichoteka.

Kilichofuata mwaka ule ndicho ninachotaka tukiangalie kwa makini. Oktoba 1972, kwa usuluhishi wa Siad Barre, rais wa Somalia, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya Mogadishu. Hayakuwa na maneno mengi. Kila upande urudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani, kila upande uache kuwafadhili wapinzani wa mwenzake wenye silaha. Obote na watu wake hawakuwa ndio waliotia saini. Waliotia saini ni wenye nchi, wenye mabohari ya silaha. Mpaka ukatulia kwa miaka sita hivi, hadi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978. Miaka sita si amani ya milele, lakini mtoto aliyezaliwa Mutukula siku ile alifika umri wa kuanza shule kabla ya kusikia mzinga.

Sasa tazama mashariki mwa Kongo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 walikuwa ndani ya Kongo wakipigana bega kwa bega na waasi wa M23. Rwanda inakana. Wataalamu haohao walieleza jinsi M23 walivyoiteka Rubaya, mji wenye machimbo ya koltani, madini ya kutengenezea simu, Aprili 2024, wakaanza kutoza ushuru unaowaingizia karibu dola 800,000 kwa mwezi. Januari 2025 Goma ikaanguka, Februari ikafuata Bukavu.

Kigali ina hofu yake, na hofu ile si ya kubuni. Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti mpaka ndani ya ziwa letu. Baadhi ya waliofanya mauaji yale walikimbilia Kongo, na mabaki yao, FDLR, yamekuwa yakipigana upande wa jeshi la Kinshasa. Kinshasa nayo imewakabidhi vita vijana wa Wazalendo, wanamgambo wake, ilileta mamluki wa Kiromania, imeacha Watutsi wa Kongo watukanwe na kuwindwa katika nchi yao wenyewe. Yote haya ni kweli. Lakini hofu ya jirani haielezi kwa nini koltani ya Rubaya ihamie upande wa pili wa mpaka.

Watu huniambia M23 haishindiki. Imeshawahi kushindwa, na Watanzania walikuwepo. Novemba 2012 M23 waliiteka Goma kwa mara ya kwanza. Marekani, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi na Umoja wa Ulaya wakazuia au kupunguza misaada yao kwa Rwanda. Mwaka 2013 ikaja brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye ruhusa ya kushambulia, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi pamoja, chini ya kamanda wetu James Mwakibolwa. Kufikia Novemba mwaka huo M23 walikuwa wamekwisha. Siamini brigedi peke yake ingetosha. Mfuko ulifungwa kwanza.

Safari hii mfuko uliachwa wazi. Februari 2024, M23 wakiwa wanasonga mbele kuelekea Sake, karibu na Goma, Umoja wa Ulaya ulitia saini na Rwanda mkataba wa maelewano kuhusu madini. Naukumbuka kwa uchungu mkataba ule. Askari wetu walikuwa wameanza kwenda tena Kongo chini ya SADC, na wawili wakapoteza maisha katika mapigano ya Goma. Damu yao ilimwagika kupambana na vita ambavyo wakubwa wa Brussels, kwa saini yao, walikuwa wanavipa soko.

Baadaye wakubwa wakaja na amani. Juni 27, 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington. Desemba 4 marais wenyewe, Tshisekedi na Kagame, wakasimama mbele ya Trump. M23 hawakuwa sehemu ya mkataba ule, wao wana meza yao Doha. Siku chache baada ya sherehe, wakaingia Uvira, mji ulio kwenye Ziwa Tanganyika, jirani kabisa na Bujumbura. Wengi walisema basi, mkataba umekufa. Mimi niliangalia kilichotokea baadaye: Marekani ilipokasirika hadharani na kuitaja Rwanda kwa jina, M23 wakatangaza kwamba wanaondoka. Aliyeguswa ni Kigali, aliyeinuka ni M23. Kwangu ushahidi huo unatosha. Ila Marekani nayo imekuja kwa ajili ya kobalti, shaba na koltani, na mnunuzi akiwa ndiye mdhamini wa amani, atalinda njia ya mzigo kabla ya kumlinda mkulima wa Masisi.

Nenda soko la dagaa la Mwaloni, Kirumba, uulize Goma ni nini. Watakuonyesha viroba vilivyoshonwa vikisubiri lori la kupita Rusumo. Mama mmoja ninayemfahamu alikuwa na mteja wake wa Goma wa miaka mingi, wanakopeshana kwa neno tu. Mji ulipotekwa benki zikafungwa. Mteja hakukataa deni. Alipiga simu, akaapa, akalia, ila fedha zake zilikuwa ndani ya benki isiyofunguliwa. Mama akauza kiwanja alichokinunua Kisesa ili alipe wenye mitumbwi. Ukimsikiliza huwezi kuniambia vita ya Kongo ni habari ya Wakongo.

Ndiyo maana sitaki tuishie kunyooshea vidole Ulaya. Dhahabu ya Kivu na Ituri, mashariki mwa Kongo, haifiki Dubai kwa miguu. Machi 2022 Marekani iliwekea vikwazo kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Entebbe, kando ya ziwa hilihili. Machi 2025 Umoja wa Ulaya ukakiwekea vikwazo kiwanda cha Gasabo, Kigali. Na Mwanza tuna kiwanda chetu, alichokizindua Rais Samia Juni 2021, STAMICO, shirika la madini la taifa, ikiwa na hisa ndani yake. Sikishuku, na ninajivuna nacho. Lakini nataka kiwe mfano, si kisubiri kuulizwa. Nchi za Maziwa Makuu, sisi tukiwemo, zilikubaliana Lusaka mwaka 2010 kuhusu cheti cha asili kwa dhahabu, bati, tantali na wolframu. Kila kilo inayoingia kiwandani pale itangazwe hadharani imetoka mgodi gani, Geita, Chunya au kwingineko, na mfanyabiashara anayeshindwa kuonyesha cheti arudishwe mlangoni.

Tukifanya hivyo tutakuwa na mdomo wa kusemea. Kongo na Rwanda zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Februari 2025 wakuu wa Jumuiya na wa SADC walikutana Dar es Salaam kwa ajili ya vita hii. Walitaka mapigano yasitishwe, hawakugusa biashara ya madini. Kikao kijacho kianzie hapo: viwanda vya kusafisha dhahabu vya Entebbe, Kigali na Mwanza vifungue daftari zao mbele ya wakaguzi wa pamoja, na Tanzania iwe ya kwanza kuweka daftari lake mezani.