Moshi wa Kariakoo si ukungu wa Paris

Picha nyingi za usiku wa Dar es Salaam ninazoziona siku hizi zimetolewa rangi. Wanaoupenda mtindo huu husema rangi hulipumbaza jicho: ukiziondoa, vinabaki mwanga, kivuli na umbo. Wanaoupinga husema ni kulipora jiji. Mimi nazipenda sana picha nyeusi na nyeupe, lakini wapinzani wana hoja nzito kuliko tunavyotaka kukubali.

Simama usiku pale Samora inapokutana na Azikiwe, mbele ya Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Shaba imeiva giza, singe imeelekea bandarini, nyuma yake taa za magari zinapita. Sogea hatua mbili tu, ncha ya singe itoke kwenye weusi wa jengo na kuangukia penye mwanga, picha imekaa. Rangi haina kazi hapo. Na chini ya taa za barabarani za sodiamu ni vivyo hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya mwanga wake ni ya njano. Shati la bluu na la kijani yamekwisha kufubaa barabarani kabla hujashika kamera. Hata chenga za ISO kubwa, yaani kamera inapoongezewa usikivu wa mwanga gizani, ambazo kwenye picha ya rangi hujaa gizani kama madoa mekundu na ya kijani, hubaki punje za kijivu ambazo jicho huzivumilia.

Ukiingia Kariakoo mambo hubadilika. Nyekundu na kijani zenye mng'ao sawa hugeuka kijivu kimoja. Mama mwenye kitenge chekundu mbele ya mlango wa kijani wa fremu alikuwa amejitokeza vizuri. Ondoa rangi, mlango umemmeza. Mistari ya ubavuni mwa daladala, inayomwambia abiria gari linaelekea wapi, inakuwa utepe tu. Picha iliyopangwa kwa rangi haiokolewi nyumbani kwa kubonyeza kitufe, ndiyo maana naona uamuzi huu ufanywe barabarani, kabla ya kupiga.

Linalonikera zaidi ni hisia ya kuazima. Brassaï, aliyepiga picha za usiku wa Paris miaka ya 1930, alipenda ukungu na mvua kwa sababu ukungu hutawanya mwanga na kulainisha ukali wa taa. Dar haina ukungu wa namna ile, basi tunauongeza kwa programu. Kwa nini? Tunao moshi wa mishikaki. Ukipigwa na balbu kutoka nyuma unang'aa na kumtenga mchomaji na giza. Ukimulikwa kutoka mbele unakuwa shuka chafu iliyotandazwa juu ya kila kitu. Tunayo lami iliyolowa wakati wa masika, ambapo taa moja huzaa ya pili dimbwini. Tuna joto linalotia lenzi jasho ukitoka kwenye kiyoyozi. Haya yanatosha, na ni yetu.

Kuna suala la nyuso pia, na hili si la ufundi peke yake. Niliwahi kumpiga picha mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga. Kamera ilipima mwanga wa balbu, uso wake ukazama. Kwenye rangi, wekundu wa makaa shavuni ulikuwa bado unamtofautisha na usiku. Nilipoutoa, zikabaki macho na huzuni ambayo hakuwa nayo. Nilipomwonyesha aliniuliza kama nimempiga akiwa msibani. Alikuwa na haki kabisa ya kuuliza, maana usiku ule alikuwa anacheka na wateja.

Nilirudi kesho yake kwa ruhusa yake, nikahamia upande wa pili wa karai. Nikapima mwanga wa shavu badala ya balbu, nikangoja ageuke kumrudishia mteja chenji. Mwanga ukamshika kutoka paji la uso hadi kidevuni, moshi ukapanda nyuma yake. Hiyo pia haina rangi. Aliomba nimsafishie mbili, moja ya kumpelekea mama yake.