Hedi Gasketi ya Kitonga

Toyota Passo, kigari changu, haina mshale wa joto. Ina taa mbili tu: ya buluu, kwamba injini bado ya baridi, na nyekundu, kwamba umeshachelewa. Katikati ya hizo mbili dashibodi haisemi kitu, unaendesha kwa imani. Kwa safari za Tabata hadi Kariakoo imani inatosha. Kwa safari ya Iringa, karibu kilometa 500, tena umempakia baba mkwe, imani inaanza kupungua mkifika Kibaha.

Nimweleze kwanza huyu mzee. Alianza kazi ya barabara akiwa utingo, kijana mbichi, miaka ile Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965 na Zambia ikakosa njia ya kupitishia mafuta. Mapipa yakawa yanapita kwetu, Dar es Salaam hadi Zambia, juu ya malori, kwenye vumbi kiangazi na tope masika. Wazungu waliibatiza njia ile jina la Jehanamu. Mzee aliipita akiwa amekaa juu ya mzigo, akaja kupewa usukani, akazeekea humo humo. Sasa mtu wa namna hiyo mweke kiti cha mbele cha Passo.

"Hii ina silinda ngapi, mkwe?"

"Tatu, baba."

Akanyamaza. Tukapita Mbezi, tukapita Kibaha, yeye yuko kimya. Tunakaribia Mlandizi ndipo akauliza kwa upole, "Ya nne walikunyima, au umeiuza?"

Nilicheka, maana mkwe hana jibu lingine.

Alikuwa anarudi nyumbani Ipogolo baada ya kuja kuwaona wajukuu. Mke wangu alikuwa amemfungia kuku wa njiani. Na si kuku wa kubahatisha, ni wa kienyeji, aliyelala usiku kucha kwenye kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, akabanikwa nusu, akafungwa kwenye foili tabaka juu ya tabaka. "Baba akifika atamalizia kwenye jiko," aliniambia. "Usimfungue njiani." Mimi nilimtazama yule kuku anavyoingia kwenye kikapu cha mzee nikajua simwoni tena.

Barabara yenyewe mnaijua. Kila kijiji kina bango la hamsini, na penye hamsini pana kichaka, na kwenye kichaka pana trafiki na tochi ya kupimia mwendo. Madereva wa upande wa pili wanakuwashia taa kwa huruma, nawe unawawashia walioko mbele yako, ushirika mzima unakwenda hivyo hadi Tunduma. Baada ya Chalinze trafiki mmoja alitusimamisha, akataka kuona kizima moto na pembetatu. Vyote vilikuwepo. Akaanza kulizunguka gari taratibu, uso wa mtu anayetafuta kosa la elfu thelathini. Baba mkwe akashusha kioo.

"Afande, usihangaike. Gari hili halina kosa. Limepungua silinda moja tu."

Afande akacheka, tukaenda zetu.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi barabara inakatiza mbuga kilometa 50 hivi, na kuna mabango yanayokutajia faini ya kila mnyama utakayemgonga. Mzee alilisoma moja kwa sauti. Tulipofika kwa tembo akanitazama, akaitazama boneti, akasema, "Tembo akigongwa na hiki, atakayedaiwa ni tembo."

Mikumi mjini tukasimama. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kesi nzima iko hapa. Mzee akaniambia, "Mkwe, nenda kajisaidie. Niachie boneti wazi, nikague maji." Nilivuta kishikio, nikaenda. Ningesemaje? Mtu aliyekagua maji ya lori tangu kabla sijazaliwa anaomba kukagua maji ya Passo, wewe unampa heshima yake. Niliporudi boneti ilishafungwa, mzee kaketi, mikono anaifuta kwa leso.

"Maji yapo?"

"Yapo."

"Na kuku, baba? Tusile kidogo hapa?"

"Kuku usimhofie. Yuko pazuri."

Nikatazama kikapu kwenye kiti cha nyuma, kimefunikwa kanga. Nikawasha gari.

Ruaha Mbuyuni mzee akanunua vitunguu. Pale huwezi kupita hivi hivi; nyavu zimepangwa barabarani, wauzaji wanakimbilia kila dirisha, na yeye kwa kuwa ni Mhehe ilibidi asalimiane nao wote, kamwene huku na kamwene kule, ndipo bei ikashuka. Tukaweka wavu mzima nyuma. Tangu hapo gari likaanza kunukia. Harufu nzuri, tena ya kuita njaa. Nikasema moyoni, vitunguu vya Ruaha si mchezo.

Halafu Kitonga.

Kwa asiyepajua: ni mlima ambao barabara imechongwa ubavuni mwake, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo, kona juu ya kona, na malori ya Zambia na Kongo yanaupanda kwa mwendo wa maiti. Hakuna kulipita lori. Unakaa nyuma yake, gia namba moja, unavuta moshi wake, unasoma maandishi ya bampa lake mpaka unayakariri. Letu lilikuwa limeandikwa MUNGU NDIYE DEREVA. Kwa mwendo ule niliamini kwamba Mungu ameshuka, anasukuma.

Jambo moja la ufundi, kwa faida ya wasiofungua boneti. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaipiga rejeta na maji yanapoa bila shida. Likitambaa nyuma ya lori upepo hakuna, kazi yote inabaki kwa feni ya umeme iliyo nyuma ya rejeta. Feni isipozunguka Mikumi, hujui. Isipozunguka Kitonga, unajua mara moja.

Kona ya pili, taa nyekundu.

Niliegesha kwenye upenyo mdogo uliokuwa ubavuni mwa mawe. Nikazima. Chini ya boneti pakawa panachemka, na mvuke unatoka pembeni, na ile harufu, jamani, ile harufu sasa ikawa ya ukumbi wa harusi.

Mzee alishashuka zamani. Alikata majani porini akayapanga barabarani nyuma yetu, pamoja na pembetatu, kwa sababu pembetatu ni ya trafiki na majani ndiyo ya madereva. Kisha akasimama mbele ya gari, mikono nyuma, hasemi kitu. Niliona kama uso wake umebadilika. Nikadhani ni uchungu wa kufia kwenye Passo baada ya kunusurika Jehanamu.

Ukitaka kujua Tanzania ina mafundi wangapi, inua boneti mahali pasipo na gereji. Dakika tano hazikupita. Wa kwanza alikuwa kijana wa IT, yaani magari ya transiti, anayepeleka gari la watu mpakani, akasimama kwa breki za kutisha.

"Hiyo ni sensa," akasema kabla hajafika. Akaondoka. Sijui alikuwa anawahi wapi, lakini ugonjwa ameshautaja.

Akaja dereva wa lori lililokuwa limepoza breki juu kidogo. Huyu aliinama, akavuta pumzi ndefu kwa pua, akafumba macho. "Hedi gasketi." Yaani ile gasketi inayoziba katikati ya bloku na kichwa cha injini.

"Umejuaje, kaka?"

"Harufu. Hedi gasketi ikiungua inanukia hivi hivi. Kama kitunguu saumu."

Mwenzake akavuta pumzi naye. "Na tangawizi."

"Hiyo tangawizi ni kulanti," wa kwanza akamsahihisha, yaani ile dawa ya maji ya rejeta.

Mwingine akauliza kama nina themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Nikamwambia fundi wangu wa Tabata aliitoa kitambo, akasema nchi yenye joto haina haja nayo. Hapo pakazuka mabishano makubwa, nusu wanamsifu fundi wangu, nusu wanataka afungwe. Basi la abiria likapita likikwaruza gia, na kutoka kila dirisha ukashuka ushauri: tia maji, usitie maji, uza, sukuma korongoni. Jamaa mmoja mwenye shati la njano akanyoosha mkono afungue kifuniko cha rejeta. Mzee akamdaka kiwiko.

"Ngozi ya uso unaipenda?"

Alikuwa na haki. Kile kifuniko kinayabana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukikifungua yamoto, yanageuka mvuke yote kwa mpigo na kukurukia usoni. Mzee aliwahi kuona utingo mwenzake akiungua hivyo. Alilisema mara moja tu, na shati la njano akarudi nyuma hatua kadhaa.

Wakati huo nyani alikuwa ameshafika.

Nyani wa Kitonga wamezoea magari, wanakaa kwenye kingo wakisubiri ndizi. Huyu alikuwa dume kubwa, na hakutaka ndizi. Alipita katikati ya watu wazima wote wale, akapanda kwenye bampa, akaingiza kichwa chini ya boneti, akaanza kuchungulia nyuma ya rejeta. Tukamfukuza kwa mawe. Akarudi. Tukamfukuza tena, akakaa juu ya ukuta wa mawe akitutazama kwa dharau. Nimefikiri sana baadaye juu ya yule nyani. Katika kundi lile ndiye pekee aliyekuwa ameugundua ugonjwa.

Aliyefuata kugundua ni utingo wa lile lori, kijana mwembamba ambaye hakuna aliyemwuliza chochote. Alingoja injini ipoe, akawasha tochi ya simu, akalala juu ya bampa na kuzamisha mkono hadi begani kati ya injini na feni. Akapapasa. Akasita.

"Kuna kitu laini hapa."

"Ni hosipaipu," akasema mtaalamu wa hedi gasketi.

"Hosipaipu haina paja."

Akavuta. Kwanza zikatoka foili zilizochanika vipande vipande. Kisha akatoka kuku, mzima isipokuwa bawa moja lililokuwa limenaswa kwenye feni, rangi ya dhahabu kuzunguka pande zote, mafuta yanadondoka. Watu wakanyamaza. Nyani akasimama wima.

Mimi sikumtazama mtu. Nilikitazama kikapu cha nyuma, ile kanga, na mkao wake wa kikapu kilichojazwa nguo. Nikakumbuka simulizi za mzee, jinsi walivyokuwa wakibana mihogo na nyama kwenye injini za malori, wakifika Mbeya chakula tayari. Kwenye lori kuna nafasi ya kuchinjia mbuzi. Kwenye Passo hata mkono wako hauna nafasi, kwa hiyo kuku alikuwa ameteleza tuta baada ya tuta mpaka akashukia kwenye feni na kuikaba.

Kuna maneno mtu anaweza kumwambia rafiki yake wakati kama huo. Baba mkwe si rafiki. Niligeuka polepole. Mzee alikuwa ameshampokea kuku kwa mikono miwili, anambonyeza kifua kwa kidole gumba.

"Ameiva," akasema.

Hakuna aliyekosa kucheka, na mtaalamu wa hedi gasketi ndiye alicheka zaidi, huku akisisitiza kwamba harufu ni zile zile. Tukala pale pale, tumesimama, kuku amewekwa juu ya lile pipa dogo la maji la lori. Nawaambia ukweli: mke wangu anajua kupika, lakini kilometa mia na kitu za injini ya Toyota zimemzidi. Bawa la kwenye feni alipewa nyani.

Feni yenyewe ilikataa kuzunguka hata baada ya kuku kutoka, maana ilipokabwa fyuzi ilikuwa imeungua. Yule utingo akafungua kiboksi cha fyuzi, akachomoa ya kupasha joto kioo cha nyuma, kazi ambayo Tabata haijawahi kuhitajika, akailinganisha namba, akaipachika kwenye feni. Ikalia vuuu. Tukajaza maji yaliyopungua. Nilimpa hela ya soda, mzee akamwongeza vitunguu, akamshika bega akamwambia atafika mbali. Tukapanda Kitonga kwa taa iliyozimika, nyuma ya lori lingine, hatuzungumzi. Ilula mzee akakohoa kidogo.

"Injini za siku hizi," akasema, "hawaachi nafasi ya chakula."

"Ni kweli, baba."

Tulifika Ipogolo giza limeshaingia. Mama mkwe na jamaa wote walikuwa barazani, wanauliza mbona tumechelewa hivyo. Mzee akakaa, akavua viatu, akaomba maji ya kunywa.

"Gari la mkwe limechemsha Kitonga," akaanza. "Madereva wote wakasema hedi gasketi. Nikawaambia hapana, tazameni kwenye feni. Mtu asiguse kifuniko cha rejeta, nikawaambia, tazameni kwenye feni. Muulizeni huyu."

Wote wakanigeukia.

"Bila baba," nikasema, "yale yasingekuwa vile."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa fahari. Kisha akakivuta kile kikapu, akaanza kufunua kanga, akatoa shati, suruali, na shati jingine. "Na kuku aliyosema binti yangu amewafungia yuko wapi?"

"Tumemla njiani," akajibu mzee, macho yake kwangu. "Alikuwa bado wa moto."

"Wa moto kabisa, mama," nikasema.