Ramadhani ya kwanza huharibikia usiku

Aliyesilimu karibuni huogopa mchana: kiu ya saa 8, chai ya wenzake ofisini, mama lishe anayekaanga samaki nje ya geti. Mchana una mwisho wake. Kwa Dar es Salaam, tulio karibu na ikweta, funga haizidi saa 14 mwezi wowote utakaoangukia. Kinachowaangusha wageni wengi ni usiku.

Piga hesabu. Mwezi Februari Magharibi inaingia kama saa 12 na dakika 45, Isha karibu saa 2. Ukiswali tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani, ya rakaa 20 kwenye msikiti unaosoma juzuu nzima (sehemu moja kati ya 30 za Kurani), unatoka saa 3 na nusu au zaidi. Weka mazungumzo barazani na bakuli la pili la tambi, unalala saa 5. Saa 9 uko jikoni unapika daku. Umelala kwa muda wa saa 4 tu, na saa 2 asubuhi unatakiwa kazini. Ukifika kumi la pili la mwezi, hata Alfajiri unaiswali jua limetoka.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza linda faradhi: funga yenyewe na swala tano. Tarawehe ni sunna, si lazima. Swali rakaa 8 nyumbani watoto wakishalala, na msikitini nenda Ijumaa na Jumamosi usiku. Atakayekuambia hujafunga vizuri kwa sababu hukumaliza 20, mwache na lake.

Daku ipikwe jioni, sufuria moja na futari. Amka saa 10 na nusu, pasha, kula. Mihogo au viazi vitamu, kunde, yai, basi. Pilau la jana na achari hukulipa kiu saa 5 asubuhi. Maji yanywe kidogo kidogo tangu futari; lita nzima uliyoimiminia dakika ya mwisho inaishia chooni. Na kichwa kinachogonga siku ya kwanza mara nyingi si njaa, ni mwili unadai kahawa yake. Punguza wiki moja kabla, vikombe 3 viwe 1.

Imsaki, saa ya kuacha kula iliyoandikwa kwenye ratiba, ni tahadhari tu, dakika 10 hivi kabla ya Alfajiri. Mwisho wa kula ni Alfajiri inapoingia, na ikishaingia hakuna kumalizia kikombe. Nia ndiyo inayosahaulika zaidi. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyo ya wengi pwani, funga ya Ramadhani hutiwa nia kila usiku. Ukiisahau, siku ile unajizuia hadi jua lizame na bado unailipa. Ifunge na tendo usilolikosa: ukipiga mswaki wa kulala, unatia nia. Kwa upande mwingine, kula kwa kusahau hakufunguzi, tema uendelee. Kuamkia janaba (kabla hujaoga baada ya tendo la ndoa au ndoto) nako hakuharibu funga, oga, swali.

Kazini usiombe kupunguziwa, omba kuhamishiwa saa. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mapumziko ya dakika 60 anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Dakika 15 za Adhuhuri, 20 za kusinzia kitini, na bado unabaki na akiba. Ukikubaliwa kuingia saa 1 na kutoka saa 10, foleni haitakula futari yako. Hata hivyo tende 3 na chupa ya maji zikae kwenye mkoba, maana ipo siku Magharibi itakukuta Ubungo.

Nyumbani kuna mama ambaye hakusilimu. Kama ni Mkatoliki, kufunga anakujua: mwaka 2025 na 2026 Kwaresima na Ramadhani zilianza ndani ya wiki moja. Asichokijua ni kwamba hata maji hunywi. Mwambie mapema, kabla hajakukamulia maembe na kununa ulipoyakataa. Chakula cha mchana cha watoto kiendelee kupikwa kwa wakati wake. Kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema hakufunguzi. Jumamosi futari iwe ya wote, ukipika wewe.

Zaka ya fitri ni pishi ya chakula kikuu, kama kilo 2 na nusu za mchele kwa kila kichwa, itoke kabla ya swala ya Idd. Wazazi wasio Waislamu hawahesabiwi humo. Wala Ramadhani za kabla ya kusilimu hazilipwi, hata kama umesilimu na miaka 50. Zinazolipwa ni siku ulizokula mwaka huu kwa hedhi, maradhi au safari. Ziandike kwenye kalenda siku hiyohiyo, maana ukifika Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani ijayo, hutakumbuka kama zilikuwa 6 au 7.